Neno Nililokuficha, Dada Mwantumu

Dada,

Shikamoo. Nimeandika hivyo kwa mazoea. Miaka yote tuliyokaa uani pamoja sikuwahi kuamka bila kukuamkia, hata zile asubuhi ulizoniitikia "marahaba" ukiwa umenipa mgongo. Ni mimi, Zaina, mke mwenzio. Mwandiko ni wangu, usidhani nimemtuma mwalimu. Ulikuwa ukinicheka nilipokuwa nakwenda darasa la watu wazima na daftari kwapani, unasema najifunza ili nisome barua za wanaume. Basi barua ndefu ya kwanza kuandika maishani mwangu ni hii, na ni yako.

Tangu tukuzike, mvua za vuli zimenyesha na kukatika. Bomba limefika kijijini, limewekwa karibu na ofisi, linatoa maji siku linapotaka lenyewe. Rajabu wako alikuja kutoka kazini kwake relini, akakaa siku tatu, akarudi. Asha wangu sasa ana miaka minne, anauliza mama mkubwa amehamia kijiji gani. Mume wetu, Baba Rajabu, ameacha ujumbe wa kamati, anasema magoti yanamsumbua. Sijui kama ni magoti. Anashinda barazani kwako, si kwangu, na mlango wako umefungwa, ufunguo anao yeye. Nimemwuliza mara mbili anafungia nini humo ndani.

Lakini sikuchukua kalamu ili nikupe habari za kijiji. Ulinishuku muda mrefu kwamba kuna kitu nakuficha. Ni kweli, dada. Kilikuwepo.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana nikianza na hicho kitu chenyewe mkono utasimama.

Ulipoolewa na Baba Rajabu ulimzaa Rajabu, kisha tumbo likafunga. Ndipo nikaletwa mimi kutoka Bungu, kule juu milimani, msichana asiyejua hata kulima pamba. Siku ya kwanza ulinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, ukamwambia wifi Mwajuma, dada yake mume wetu, nami nasikia: "Wasambaa hawa wana dawa zao, tuwe macho." Ulisema unatania. Mimi nilicheka pia. Kule nyumbani kwetu kwa zamani haikuwa na neno, kwa sababu kati ya nyumba yako na yangu palikuwa na shamba zima la mahindi. Ukitaka kunisema ulinisema, sikusikia.

Kisha likaja agizo la kuhamia kijijini. Likaja lori, tukapakia vyungu, mbuzi na milango, tukashushwa huku karibu na Kabuku, kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba. Nyumba yako na yangu zikatazamana mlango kwa mlango, hatua kumi, mimi nilizihesabu. Nikawa naona unachopika. Wewe ukawa unaona saa ninayoamka. Nadhani ugonjwa wetu sisi wawili ulianzia pale, kabla ya ule wako.

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano, ule uliogawiwa wakati mahindi yetu yalipokauka, watu wakawa wanaunusa na kuulizana umetiwa nini. Nilikuwa nakusuka. Vidole vyangu vikagusa kitu nyuma ya sikio lako, chini kidogo, kama punje ya kunde, kinateleza chini ya ngozi. Nikasema, "Dada, hii nini?" Ukasema, "Mitoki tu. Nilichomwa na mwiba." Lakini mitoki ya mwiba huota kwenye nyonga, tena inauma. Hii haikuuma, na ilikuwa shingoni. Nikaikuta ya pili, na ya tatu. Ukaniondoa mikono kichwani, ukasema utamalizia kusukwa kesho. Hukunirudishia kichwa chako tena. Baadaye nilielewa kwa nini. Kwa macho ya watu, mkono uliouona uvimbe ndio uliouweka.

Miezi michache mbele ukawa nayo hadi kwapani. Baba Rajabu akaniambia mimi nikupeleke Korogwe, kwa kuwa najua kusoma vibao vya milangoni. Ulikubali kwa sababu hapakuwa na mwingine. Kwenye basi ulikaa dirishani, mzigo umeukumbatia, ukakataa nisikushikie hata mwavuli.

Unamkumbuka yule daktari, mwembamba, mwenye miwani, anayesema taratibu kama anaogopa kuamsha mtu. Alikushika shingo, makwapa, nyonga, akakuminya tumbo. Akakata tezi moja kwapani, akasema inapelekwa Dar es Salaam wakaitazame kwa darubini, turudi baada ya mwezi. Tulipofika nyumbani wifi Mwajuma alipiga makofi. "Wamekata nyama ya mtu wakaipeleka mjini! Ya nini? Hao si mumiani ni nani?" Wewe ulicheka. Lakini nilikuona ulivyolifunika lile jeraha kwa kanga, kana kwamba wangerudi kuchukua kilichobaki.

Mwezi ukapita, tukarudi. Daktari akasema ni kansa ya matezi, lakini ya aina inayokwenda polepole sana, hatua moja leo, nyingine mwakani. Ukamwuliza, "Dawa?" Akasema, "Kwa sasa hapana." Nakumbuka ulivyogeuza shingo ukanitazama mimi, si yeye, kana kwamba mimi ndiye niliyesema.

Alieleza vizuri, dada, nami nilikupa kila neno lake la pale, sikupunguza. Alisema ipo mionzi, mashine ya kuchoma uvimbe, lakini iko mbali, mpaka Nairobi, na inamfaa zaidi mtu ambaye ugonjwa wake umekaa mahali pamoja. Wako ulikuwa umeshatawanyika. Vipo vidonge. Ila vidonge navyo vinachosha damu, na ukivitumia wakati mwili hauna shida unapoteza silaha kabla ya vita. Kwa kuwa unakula, unalala, unalima, hukondi, basi njia ya tatu ndiyo bora: kungoja huku tukitazama. Uje kila baada ya miezi mitatu, ashike matezi, apime damu na uzito. Ukianza kutoka jasho la kulowanisha shuka, au homa isiyo na sababu, au kukonda, hapo ndipo aanze vidonge.

Kisha nesi akakuita chumba cha pili kutolewa damu. Tukabaki wawili. Daktari akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikasema, "Mdogo wake." Akavua miwani. Akasema, "Basi ujue hili. Ugonjwa huu hauishi. Dawa zitaulaza, utalala, kisha utaamka tena. Anaweza kuishi miaka, pengine mingi. Lakini mwishowe ndio utakaomchukua. Tafuta wakati mzuri umwambie, au mlete mume wenu niwaambie wote." Hapo ukaingia, umeshika pamba kwenye mkono. Daktari akanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Uliona midomo miwili ikifungwa kwa pamoja.

Ndani ya basi hukusema kitu mpaka tulipoipita Segera. Ukauliza, "Alikuwa anakwambia nini?"

Nikasema, "Amesema tungoje tu. Turudi baada ya miezi mitatu."

"Basi?"

"Basi."

Hapo ndipo nilipolikata neno la daktari, dada. Kwa miaka nimejiambia nilikuhurumia. Si uongo, lakini si ukweli wote. Niliogopa. Mimi, mke mdogo, Msambaa, nishuke kwenye basi niseme: huyu atakufa kwa ugonjwa huu. Nani angesikia hilo kama neno la daktari? Wangesikia nimekuapiza. Na liko lingine, chini kabisa, ambalo sikumwambia hata Mungu kwa sauti. Katika basi lile, kwa muda wa kupita daraja tu, nilijiona nimebaki peke yangu uani. Sikuomba iwe hivyo. Nilijiona tu. Nikaona haya, na haya ile ikanifunga mdomo kuliko hofu.

Na kweli, nyumbani hakuna aliyekubali hata nusu niliyoisema. Wifi alisimama katikati ya ua. "Hospitali gani inampima mtu, inamkuta na ugonjwa, inamrudisha bila hata kidonge kimoja? Dawa zimetolewa. Aliyezipokea anajua alikozitupa." Ukamwambia aache. Lakini jioni yake nilikuta daftari langu limekaa kichwa chini miguu juu. Ulikuwa umepekua mkoba wangu. Tangu siku ile ukaacha kula kwangu. Ukafunika mtungi wako kwa sahani na jiwe juu yake. Chumvi ukaifunga kwenye pindo la kanga, unatembea nayo hadi shambani.

Nami niseme yangu. Mwaka ule mimba zangu mbili ziliharibika, moja baada ya nyingine. Niliacha kutupa nywele zangu ovyo, nikawa nazifukia. Maji ya kuoga nilimwaga mwenyewe, mbali. Nilikuwa nakutazama unavyofagia kuelekea mlangoni kwangu, najiuliza kwa nini ufagio unaishia pale. Nilikushuku, dada. Nilisema moyoni: huyu anaumwa, anataka na mimi niwe mtupu. Sasa umejua.

Wifi akakuchukua akakupeleka kwa mganga, upande wa Mnyuzi. Mlikaa siku tisa. Ukarudi na chale nyeusi shingoni, na haikupita miezi miwili matezi yakanywea. Niliyaona mwenyewe ulipokuwa unafunga kilemba, shingo imenyooka kama ya mwanamwali. Daktari alikuja kuniambia baadaye kwamba ugonjwa huu una tabia hiyo, unapanda na kushuka wenyewe bila kusukumwa na mtu. Lakini nani angesema hivyo pale uani? Mganga alikuwa ameshasema adui yumo ndani, na ametoka mlimani. Ua wetu ulikuwa na watu watatu. Hakuwa na haja ya kutaja jina.

Ukaacha kwenda Korogwe. Siku moja nilidanganya kwamba naenda kuwasalimu ndugu Bungu, nikashuka hospitali na kadi yako. Daktari akaniuliza mgonjwa yuko wapi. Nikasema amepona kwa mganga. Hakukasirika. Akaandika kitu, akasema, "Sawa. Wewe mwangalie shuka zake."

Basi nikawa nakuangalia. Kila asubuhi nikifagia, jicho liko kwenye kamba yako ya kuanikia. Nikikuita tuchote maji, nilikuwa napima kama gauni linakubana au limelegea. Daktari alisema kungoja na kutazama, na mtazamaji nikawa mimi. Lakini ulinifuma, zaidi ya mara moja, nimesimama naikodolea macho kanga yako. Nilijua unafikiri nini. Mtu anayekutazama hivyo anangoja kitu.

Ulipita mwaka na miezi. Kisha kanga zikaanza kuanikwa kila asubuhi, zote mbili za kulalia, zinachuruzika. Matezi yakarudi, makubwa kama mayai ya kuku wa kienyeji, na uso wako ukaanza kuchongoka. Nilimwendea Baba Rajabu nikamwambia, jasho lake si la joto, apelekwe. Akaniuliza, "Umejuaje habari za jasho lake?" Hata yeye, dada. Hata yeye.

Alitupeleka lakini. Safari hii daktari akatoa kichupa cha vidonge vidogo. Umeze kila siku wiki mbili, upumzike wiki mbili, upimwe damu, uendelee. Akanikabidhi mimi, kwa kuwa nasoma. Akaonya: vikae mbali na watoto, mtu mwingine asimeze, na hasa mwenye mimba asivikaribie. Wewe ulikuwa umesinzia kwenye benchi. Nami nilikuwa na mimba ya miezi mitatu, na hakuna aliyeijua, maana nilikuwa nimeapa safari hii sitamwambia mtu, na hasa sitakwambia wewe.

Najua unakumbuka kilichofuata. Mmekaa ukumbini kwako, wewe, Baba Rajabu na wifi. Nimekuletea kidonge na maji kwenye kikombe. Hukupokea. Ulisema taratibu, "Meza wewe kwanza kimoja. Nikuone."

Nikasema siwezi.

"Kwa nini?"

Nikasema daktari amekataza.

Wifi akacheka kicheko kile chake cha kumalizia maneno. "Dawa ya mtu kupona, mwingine akimeza inamdhuru! Mmesikia?" Nikamtazama Baba Rajabu. Alikuwa anatazama kucha zake. Wewe hukupiga kelele. Ulisema neno moja tu: "Nilijua." Ukachukua kichupa mkononi mwangu, ukakifunga kwenye kanga pamoja na chumvi yako.

Nilirudi kwangu nikafunga nguo zangu. Nilikuwa naondoka, dada. Nilikuwa narudi Bungu nikazalie kwa mama, na ninyi mbaki na shaka yenu.

Asubuhi tukakuta hupo. Ulikuwa umepanda basi peke yako, na homa ile, na miguu ile iliyovimba. Baba Rajabu aliranda barabarani Kabuku kutwa nzima akiuliza kila dereva. Ukarudi siku ya pili, alasiri. Hukuingia kwako. Ulikuja moja kwa moja mlangoni kwangu, ukashika mwimo upumue, ukasema, "Kumbe una mimba."

Nikauliza nani kakwambia.

"Nimemwuliza daktari kwa nini mtu mzima akatae kumeza kidonge kimoja tu. Akaniuliza, mtu huyo ana mimba? Nikakaa kwenye benchi nikahesabu. Vile vitambaa vyako unavyovificha chini ya kanga kwenye kamba, sijaviona miezi mitatu."

Kumbe na wewe ulikuwa unaitazama kamba yangu.

Ukauliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Nikasema, "Ungefanya nini ungejua?"

Ukasema, "Ulidhani nitamla."

Nikasema ndiyo. Ukaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu akakuta ndiyo aliyoitarajia. Ukasema, "Na mimi nilidhani umenifunga." Hatukukumbatiana. Watu wanaosimulia habari kama hizi husema wakakumbatiana. Wewe ulifungua pindo la kanga, ukatoa kichupa, ukasema, "Nisomee kilichoandikwa."

Nikakusomea. Nikafungua mzigo wangu nikarudisha nguo mahali pake.

Ukaanza kumeza. Kila asubuhi ulikifungua mwenyewe, ukajimiminia kiganjani, mimi nasoma siku kwenye karatasi, wewe unameza huku unanitazama usoni. Hukuniruhusu niguse hata kimoja. Mwanzoni nilidhani ni shaka. Baadaye nikakumbuka onyo la daktari, nikajiuliza kama ulikuwa unanilinda. Sikuuliza. Wifi alipokuja na maneno yake ulimwambia mbele yangu, "Mwajuma, ugonjwa ni wangu na uani ni kwangu." Akakaa mwezi mzima bila kutia mguu.

Nilipojifungua Asha, wewe ndiye uliyenipikia uji. Uliuleta kwenye bakuli la bati, una pilipili manga, unatoa mvuke. Nikaushika. Sikuunywa. Nilijifanya nangoja upoe. Ukaniangalia, ukalichukua bakuli mikononi mwangu, ukapiga mafunda mawili, ukajifuta mdomo, ukanirudishia. Nilikunywa uji ule nikilia, nawe ukajifanya unamtazama mtoto.

Miaka karibu mitatu vilikusaidia. Matezi yalinywea, safari hii tukijua kwa nini. Ulilima pamba ya kijiji zamu yako yote, hukusamehewa hata siku moja. Ulikula kwangu. Ingawa kila nikikupa chumvi uliinusa kwanza, na mimi kila ukimbeba Asha nilihesabu hatua zako. Hatukupona shaka, dada. Tulizoea kuishi nayo, kama ulivyoishi na ule mwingine.

Kisha ugonjwa ukaamka, kama daktari alivyosema. Vidonge vikawa havifanyi kitu. Daktari akahamia kwenye sindano, tukawa tunalala Korogwe wodini, mimi chini, wewe juu. Ukatapika, nywele zikatoka zote. Mwishowe uvimbe ukaota tumboni na haukuwa wa polepole tena, daktari alisema umebadilika mwendo. Ulifia kwangu, kwenye kitanda changu, asubuhi ya Ijumaa, kwa sababu nyumba yako ilikuwa inavuja na nilikuhamishia kwangu masika ile.

Jambo ambalo hulijui ni hili. Siku ya kukuosha, wifi Mwajuma alisimama mlangoni akanyoosha mkono. "Huyu asimguse." Wanawake wakanitazama. Hakuna aliyemjibu. Baba Rajabu alikuwa nje na wanaume, alisikia, najua alisikia. Mwezi ule wote wa mwisho nilikuosha mimi, nilikugeuza mimi, najua kila mfupa wako ulipo. Nikasimama nyuma ya ukuta, nikawa nasikiliza maji yanavyomwagwa. Walimwaga haraka haraka. Maji yalikuwa baridi, nilijua, kwa sababu hakuna aliyewasha moto. Nisamehe hilo. Ningekupashia.

Tulikuzika kwenye mahame yetu ya zamani, kando ya mama yako, kama ulivyoagiza.

Baada ya arobaini nilikwenda Korogwe kurudisha vidonge vilivyobaki. Sikutaka vikae nyumbani, wala sikutaka wifi avikute avitumie kama ushahidi. Nikamwambia daktari, kuna jambo linanikaa kooni. Neno lile uliloniambia siku ya majibu, daktari, sikumfikishia. Amekufa bila kujua.

Akavua miwani, vilevile kama siku ile. Akasema, "Alijua. Siku aliyokuja peke yake aliniuliza kama atapona, nikamwambia yote. Akauliza, na mdogo wangu ulimwambia haya? Nikasema ndiyo, tangu mwanzo. Kisha akasema, usimwambie kwamba najua. Akijua, ataanza kunihurumia, na mimi pale uani nataka mtu wa kugombana naye."

Dada, nilikaa kwenye benchi lile mpaka basi likaniacha.

Kwa hiyo ulipokuja mlangoni kwangu alasiri ile, ukashika mwimo, ulikuwa umeshajua. Uliposema "Kwa nini hukuniambia?" mimi nilijibu habari za mimba. Sasa sijui uliuliza lipi. Nimeyapindua maneno hayo kila namna. Na mimi nilivyo, unanijua, nimemshuku hata daktari. Ni mtu mwema, aliona nalia, pengine alitunga. Lakini lile la kutaka mtu wa kugombana naye, daktari gani atatunga vile? Lile ni lako. Hapo tu ndipo namwamini.

Sijui kama uliniamini au ulinichunguza mpaka mwisho. Labda vyote. Mimi kwako vilikuwa vyote.

Sasa sikia. Jirani yetu Mama Hadija, wa nyumba ya tatu, amerudi kutoka hospitali wiki hii. Ana uvimbe titini, wamekata kipande wakakipeleka Dar es Salaam, majibu ni Jumatatu. Ameniomba nimsindikize kwa kuwa nasoma. Mume wake alinifuata bombani akaninong'oneza, nikisikia habari mbaya nimwambie yeye tu, mke asijue. Watu wameshaanza kusema tena, kwamba anayesindikizwa na mimi harudi. Nilitaka kukataa.

Nitakwenda. Nakuahidi mbele ya Mungu, chochote daktari atakachosema nitamfikishia Mama Hadija mwenyewe, chote, palepale, hata kama midomo itatetemeka na hata kama akinichukia. Nimeshamwambia mume wake hivyo. Hanisalimii sasa. Wamekuwa wengi wasionisalimia, nimeanza kuzoea.

Na Alhamisi nachukua jembe, nakuja mahame. Wanasema majani yamefunika kaburi mpaka halionekani. Nitakuja na Asha, nitamwonyesha ulipo, asiendelee kuuliza kijiji. Nitapalilia mwenyewe, sitamwomba mtu.

Pumzika sasa, dada yangu. Mungu akupe nafasi pana huko, pasiwe na mtu anayekutazama.

Ni mimi mdogo wako,
Zaina